Kamba ya Mbuzi wa Nancy

Kadi ya mwaliko iliingia kwenye simu ikiwa na maputo ya rangi tatu: Nancy anatimiza miaka saba, Jumapili saa nane mchana, nyumbani Lemara. Chini, kwa herufi ndogo, mkwe wangu Aika alikuwa ameandika: "Tafadhali msilete zawadi. Uwepo wenu unatosha."

Niliisoma mara nne. Mimi, Sifaeli wa kijiji cha Maji ya Chai, niende kwa mjukuu mikono mitupu? Mwaka fulani nilipeleka mjini mkungu wa ndizi mkubwa hadi kondakta akaukatia tiketi ya mtu mzima na kuuambia usogee dirishani. Mashahidi walikuwepo, ila wote wameshafariki.

Mwanangu Mika ananijua, akapiga simu.

"Shikamoo baba. Kadi umeiona? Usilete kitu. Mwaka jana midoli ilijaa tukakosa pa kukaa."

"Marahaba. Sileti."

Zawadi haikuwa shida yangu. Tangu tumzike bibi yake, miaka miwili sasa, Nancy hajakanyaga kwangu. Lemara si mbali hivyo, lakini kila mwisho wa wiki kuna jambo: masomo ya ziada, kuogelea, mvua. Nilitaka mtoto aje nyumbani. Basi.

Sasa, katika ukoo wetu, mzee akimpa mtoto mbuzi hampelekei mbuzi. Anampa kamba. Mbuzi anabaki kwa mzee, anakula, anazaa, na mwenye kamba anakuja kumwona mbuzi wake. Baba yangu alinifanyia hivyo. Nikaitoa kamba zizini, nikaifua kwa sabuni, nikaitia mfukoni mwa koti.

Kule Lemara keki ikakatwa, Nancy akaanza kutulisha mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika, akasimama na kipande mkononi, akamtazama kwanza mama yake, kama anayeuliza huyu ni babu yupi.

Nikatoa kamba.

"Baba!" Mika akasema. "Si tulikubaliana?"

"Kwani nimeleta nini? Hii ni kamba. Zawadi iko Maji ya Chai."

"Zawadi gani?" Nancy akauliza.

"Mbuzi wako. Mweusi, sikio moja jeupe. Kengele ya kanisa ikilia anapiga magoti. Jumatano anakwenda mazoezi ya kwaya."

"Anaimba?"

"Sauti ya pili."

Watoto wakaigombania kamba. Nancy akawanyang'anya, akajifunga kiunoni. "Ni yangu! Mama, twende tukamwone!"

Aika akaniita jikoni, akarudishia mlango.

"Baba, samahani. Huyo mbuzi yupo kweli?"

"Mtoto akija, yupo."

Akajizuia kucheka, akashindwa. Kisha akaacha ghafla. "Si ungesema tu kwamba unataka aje?"

"Nilisema Pasaka. Nikasema Krismasi. Mbuzi nimemsema mara moja tu, na tayari mtoto amejifunga kamba."

Aika akafuta meza iliyokwisha kufutwa. "Jumamosi," akasema. "Tutalala huko huko."

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwa jirani yangu Philemoni, nikamsimulia yote. Akanionyesha mbuzi wake wote. Mweusi alikuwa mmoja, masikio meusi yote mawili.

"Mwambie lile jeupe lilikuwa vumbi," Philemoni akasema. "Na kuimba je?"

"Koo linamuuma."

Nikaondoka na yule mbuzi, nikamfunga migombani kwa kipande cha kanga kuukuu. Halafu nikafungua chumba cha bibi yake Nancy, nikalitoa godoro juani. Nikalipiga vumbi, nikaligeuza, jioni nikaliingiza. Jumanne nikalitoa tena.