Figa Lililotoka Luzira

Saa ya chai, sokoni Kalerwe, Ayaa alijaribu tena kukalia kreti la soda. Kreti likajitoa chini yake, likaenda kusimama karibu na mzani. Akaendelea kupanga kabichi akiwa wima.

"Hiyo nayo imeenda," alisema Phelister, Mkenya wa vitunguu, bila kuinua macho. "Jana ilikuwa benchi yangu. Wewe mwanamke, utatumalizia viti soko nzima."

Mambo hayo yalianza baada ya matanga ya Kidega, mumewe, aliyekuwa polisi. Kwa watu wa ukoo wa mumewe, mke ni mafiga yake. Mama mkwe, Alal, alisema Ayaa amemla mwanawe; akang'oa figa moja jikoni, akalitupa nje ya ua kule nyumbani kwao Luzira. Mafiga mawili hayainjiki chungu, na mke asiye na pa kuinjika hana kwao. Tangu hapo kila alichokalia Ayaa kilimkimbia. Kanisani benchi lilimsogeza hadi mlangoni, waumini wakajibana kumpisha. Usingizi aliuiba ameegemea nguzo, kama punda.

Miguu ikavimba. Kwenye maombi ya adhuhuri, chini ya turubai la wauza samaki, wenzake waliomba waume, visa na viwanja. Ayaa akasema kwa sauti, "Yesu, hata wewe ulikosa pa kulaza kichwa. Mimi nipe pa kuweka makalio tu."

"Amina!" alidakia Phelister. Wengine wakacheka.

Wakati huohuo figa likaondoka Luzira. Lilibiringika upande wa kushoto wa barabara, kama inavyotakiwa. Askari wa trafiki akasimamisha magari lipite. Boda moja ikalipigia honi. Kabla soko halijafungwa lilikuwa limefika, masizi yangali upande mmoja, likatulia nyuma ya kabichi.

Ayaa akakaa. Jiwe nalo likakaa. Alilia kidogo, akavua viatu, akamhudumia mteja.

Kesho yake Alal akafika akisukuma toroli. Alikuwa amefuata alama za masizi barabarani.

Ayaa alipiga magoti kumsalimu. "Mama, umekuja kunichukua?"

"Wewe? Nikupeleke wapi? Nimefuata jiwe ya mwanangu."

"Mama, mimi sikumla Kidega."

"Mimi ndiyo nilimzaa. Songea huko."

Akasogea. Alal akapakia jiwe, akanunua kabichi moja, akarudi Luzira na kulitupa palepale nje ya ua. Jioni likarudi Kalerwe.

Siku hizi ndivyo ilivyo. Alal huja na toroli, Ayaa humpigia magoti na kumchagulia kabichi iliyofunga vizuri. Jiwe huenda, jiwe hurudi. Safari zimelilainisha, linakalika kuliko zamani.

"Na huyo mama," Phelister alimwuliza juzi, "atakuita nyumbani lini?"

"Bado," alisema Ayaa, akakaa.