Kucha za Maribel

Ukucha ulidondoka mezani kabla Lorna hajaelewa kilichotokea. Ulikuwa mwekundu, unang'aa, na ulitoka ndani ya glovu ya mkono wa kulia, glovu ambayo muda huohuo alikuwa ameivuta kutoka kwenye mkono wa mwanaanga Maribel Quintanilla.

Mimi nilikuwa meza ya pili, nakagua mishono ya kiwiko cha suti, na kilichonishtua kwanza ni kimya. Lorna Kubicek si mtu wa kunyamaza. Ndiye aliyebuni zile glovu mpya za wanaanga wetu za kutokea nje ya kituo cha angani, na akiwa kazini huongea na kila kitu, hata na uzi. Nilipoinua kichwa nilimwona ameshika kifua, anautazama ule ukucha kama mtu aliyekanyaga mtoto gizani.

"Nimekung'oa," alisema kwa sauti ndogo. "Maribel, nimekung'oa ukucha. Kaa chini. Usiangalie mkono."

"Hujaning'oa kitu. Huo ni wa bandia. Nipe hapa."

"Wa bandia?"

"Wa dukani, Lorna. Nimetoka kuongea na watoto wa shule kule Pasadena, mkaniita mbiombio nije kupimwa, sikupata muda wa kuzitoa. Nipe bwana."

Lorna akapumua, hata akacheka kidogo. Lakini ana mazoea yake: hawezi kuona kidole bila kukishika. Akauchukua mkono wa Maribel, akaugeuza kwenye taa. Pale ulipotoka ukucha wa bandia hapakuwa na ukucha mwingine chini yake. Palikuwa na ngozi tu, laini, ya waridi, imejikunja pembeni kama kisigino cha mtoto mchanga.

Akabandua wa kidole cha pili. Ngozi. Wa kidole cha tatu. Ngozi. Maribel hakuuvuta mkono. Alitazama ukutani, kama watu wanavyofanya wakichomwa sindano.

"Nani amekufanyia hivi?"

"Mimi mwenyewe. Nilikwenda kwa daktari Monterrey, wakati wa likizo. Alizing'oa zote, akachoma mizizi kwa dawa. Hazioti tena."

Lorna alikaa kwenye kiti ambacho hakikuwepo. Mimi ndiye niliyekisukuma chini yake.

Ni lazima nieleze kidogo kuhusu glovu. Kule nje hakuna hewa, kwa hiyo suti hujazwa hewa kama gurudumu la baiskeli, na glovu nayo hujazwa vilevile. Kila ukikunja ngumi ni kama unaminya mpira mgumu, na mtu hukunja ngumi siku nzima. Suti zetu hukaa huko juu miaka mingi bila kurudi duniani, zikivaliwa na huyu na yule, na glovu za zamani zilikuwa zikichanika kwenye kingo kali za vyuma vya kituo. Lorna aliambiwa atengeneze glovu isiyochanika. Akaitengeneza. Ncha za vidole alizipa ugumu ambao hatukuwahi kuuona, mkono wa mashine ukazifunga na kuzifungua kwa wiki nyingi bila uzi kukatika. Alipongezwa mbele ya watu. Tulikula keki.

Tatizo ni kwamba mkono wa mashine hauna kucha. Binadamu waliozijaribu karakanani, sisi na Lorna mwenyewe, tulizivaa muda mfupi tu, tukasema ziko sawa, tukaenda kunywa kahawa. Wanaanga walifanya nazo mazoezi ndani ya bwawa kubwa, ambamo mtu huelea kama angani, kutwa nzima. Kidole kikijaa jasho na kusukumwa kwenye ncha ngumu, ukucha huanza kunyanyuka.

"Mbili za kwanza zilitoka zenyewe," Maribel alieleza. "Nikafunga plasta, nikarudi bwawani. Wa tatu ukaoza. Nikaona bora nimalize kazi yote mara moja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungemwambia daktari wetu, daktari angewaambia wanaopanga nani anatoka nje. Nimesubiri miaka sita, Lorna. Wenzangu wote wanasema glovu ni safi kabisa. Mimi niwe wa kwanza kulia?"

"Wenzako wanasema uongo?"

Maribel alianza kubandika tena zile za bandia, mmoja mmoja. Alikuwa na mikono midogo, na kazi hiyo ilimchukua muda. "Kuna mwingine nyuma yangu," alisema hatimaye. "Ameshaniomba namba ya yule daktari. Usiniulize jina, sitakutajia. Na sikia: ukinisema, watanitoa kwenye safari. Nitakuwa nimezing'oa bure. Utaweza kulala?"

Akatoka. Alimsalimia mlinzi mlangoni kwa kicheko, kama kawaida yake.

Lorna alikwenda moja kwa moja chumba cha kukaushia suti, nami nikamfuata. Huko alikuwepo Desmond Haas, anayezisafisha suti zikitoka bwawani, mtu wa utani tangu asubuhi mpaka jioni.

"Desi, glovu zikirudi, huwa unakuta nini ndani?"

"Jasho. Harufu. Siku moja nilikuta tambi, hata leo sijui zilifikaje."

"Desi."

Akamtazama usoni, akaweka kitambaa chini. "Kucha," alisema.

"Za nani?"

"Za wengi tu. Si kila siku. Ukipindua kitambaa cha ndani, zinadondoka."

"Unazipeleka wapi?"

"Kwenye pipa. Ulitaka nizipeleke wapi, kwenye makumbusho?" Kisha utani ukamtoka usoni. "Lorna, nilidhani unajua. Si glovu zako?"

Lorna aliinama juu ya lile pipa la plastiki akalitazama, nalo lilikuwa tupu, limeoshwa.

Usiku ule nadhani hakulala, lakini asubuhi alifika na uso wa mtu aliyekwisha kuamua. Alituambia mimi na Desmond kwamba atakaa kwenye sanduku la majaribio. Ni sanduku la kioo linalofyonzwa hewa yote, lenye matundu mawili ya kupitisha mikono iliyovaa glovu, na ndani yake kuna bolti, vishikizo na nyaya kama zile za kituoni. Alitaka kufanya kazi humo kwa muda uleule ambao mwanaanga hukaa nje, bila kufupisha hata dakika.

"Kwa nini usimseme tu yule binti?" Desmond aliuliza. Nilikuwa nimemweleza.

"Kwa sababu ni mkono wake, si wangu wa kuuonyesha. Wangu ndio huu."

Akaingiza mikono, tukafyonza hewa. Mwanzoni alikuwa anaongea na bolti. Kufika mchana alikuwa amenyamaza, jasho linamtoka kidevuni, na kila alipokunja ngumi bega lilitetemeka. Desmond alimlisha kipande cha mkate kwa mkono kama mtoto.

"Toka sasa, mama. Tumeshaona."

"Wenzetu wakiwa nje wanaruhusiwa kutoka?"

"Lorna, unalia."

"Najua. Nipangusie."

Tuliporudisha hewa na kuvua glovu, kitambaa cha ndani kilikuwa chekundu. Kucha nne zilikuwa zimenyanyuka, na ule wa kidole cha pete ulibaki ndani ya glovu. Desmond, aliyezimwaga nyingi pipani, alitoka nje, tukamsikia anatapika. Lorna aliuinua mkono wake akautazama kwa mshangao mtupu, kama vile ulikuwa wa mtu mwingine aliyeuacha pale.

Siku iliyofuata alikwenda mbele ya Whitfield Sprague, mkuu wetu wa suti, mkono umefungwa bandeji. Mimi nilibeba glovu na picha. Sprague si mtu mbaya, na aliposikia alishtuka kweli, akamletea maji mwenyewe. Lakini alikuwa na safari ya mwezi ujao mezani kwake.

"Pole sana, Lorna. Ila wewe si mwanaanga. Mikono yako haijazoea. Kuna mtu aliyekaa bwawani na glovu hizi kuliko wote, na hajawahi kusema hata 'aa'. Maribel Quintanilla. Kama zingekuwa mbaya, yeye angekuwa wa kwanza kujua."

Nilimwona Lorna anazama pale kwenye kiti. Jibu lilikuwa kwenye ulimi wake na hakuwa na ruhusa ya kulitoa.

"Tumwite," Sprague alisema. "Atuambie mwenyewe."

Maribel alikuja na kikombe cha kahawa, kucha zake nyekundu zote kumi mahali pake. Alipouona mkono wa Lorna alisimama palepale mlangoni.

"Maribel, glovu hizi zinakuumiza?"

"Hapana, bwana. Haziniumizi."

Na ilikuwa kweli. Sprague akamgeukia Lorna akafungua viganja, kama kusema, umeona?

Maribel hakuondoka. "Nani amekufanyia hivyo?" alimuuliza Lorna.

"Mimi mwenyewe."

"Lini?"

"Jana. Kwenye sanduku. Kutwa nzima."

"Hukumwambia?"

Lorna alitikisa kichwa kukataa. Sprague alikuwa anatazama huku na huku, hajui wanazungumza nini. Maribel aliweka kahawa mezani, akakaa, akaanza kubandua. Kila ukucha alioutoa aliuweka juu ya karatasi za Sprague, na kila mlio mdogo wa plastiki ulinifanya nikunje vidole vyangu mwenyewe. Alipomaliza, alinyoosha mikono yote miwili mbele yake.

"Ndiyo maana haziniumizi," alisema.

Sprague alisimama, akakaa, akasimama tena. Rangi ilimtoka mpaka midomoni. "Nani alikuambia ufanye hivi?"

"Hakuna mtu. Hakuna aliyehitaji kuniambia, bwana. Niliangalia tu nani anaachwa na nani anachukuliwa."

Nakumbuka Sprague alijaribu kuzikusanya zile kucha za plastiki amrudishie, na mikono yake ikashindwa.

Glovu zilisimamishwa wiki hiyohiyo. Wale wa safari walitoka nje na glovu za zamani, zikachanika kama zilivyokuwa zikichanika, wakarudishwa ndani mapema na kazi ikabaki nusu. Maribel hakuwa kati yao. Madaktari walimzuia mpaka wamalize kumchunguza, na ilichukua muda mrefu kuliko walivyoahidi. Alimpita Lorna kwenye korido bila salamu. Lorna hakumlaumu, ila kila mara baada ya hapo aliingia chooni akakaa sana.

Kazi ilianza upya. Safari hii ncha ya kidole ilikuwa na kofia laini ndani, iliyofinyangwa kwa kidole cha mwenyewe, na ile sehemu ngumu ikawa inavuliwa na kubadilishwa hukohuko angani ikichakaa, bila kuitupa glovu nzima. Hakuna glovu iliyoondoka karakanani kabla mmoja wetu hajaivaa kutwa kwenye sanduku. Mimi nimeingia mara tatu. Sitaki kuzungumzia.

Halafu siku moja Maribel akaja kupimwa. Aliingia bila kubisha, akakaa, akaweka mikono mezani. Lorna akaanza kupima, anaongea haraka kwa woga, mpaka pini yake ikaanguka karibu na mkono wa Maribel.

"Niokotee hiyo," alisema bila kufikiri.

Maribel akajaribu. Nyama ya ncha za vidole ilisambaa kwenye meza, pini ikateleza. Akajaribu tena kwa mkono mwingine. Ikateleza. Lorna aliacha kupima. Sote wawili tuliona kwa pamoja kwamba binti huyu, aliyeweza kufungua bolti ndani ya suti chini ya maji, hawezi kuokota pini mezani.

"Hili yule daktari hakuniambia," Maribel alisema. "Wala vifungo vya shati. Mama yangu ndiye anayenifunga nikienda kanisani."

Lorna aliokota ile pini mwenyewe. Alifanya glovu za Maribel peke yake, hakumwachia mtu mshono hata mmoja, na ndani ya kila ncha akaweka kipande chembamba kigumu cha kuegemeza nyama, kufanya kazi ambayo ukucha hufanya. Maribel alipozivaa mara ya kwanza na kuminya, alifumba macho. "Nahisi kitu," alisema. "Lorna, nahisi ncha."

Alitoka nje ya kituo mwezi wa Machi mwaka uliofuata, akabadilisha pampu, akafanya kazi saa zote alizopangiwa. Sisi tulitazama karakanani, Desmond kaleta sahani ya nyama ya kuchoma na hakuna aliyekula. Alipoingia ndani na mwenzake akamvua glovu, alisogeza mkono mbele ya kamera, akavichezesha vidole. Lorna alifunika uso.

Kwa hiyo mtu angedhani yamekwisha. Lakini Lorna aliomba ruhusa, akapewa, ya kumwambia kila mwanaanga anayekuja kupimwa aweke mikono mitupu mezani kabla ya jambo lolote. Wengi huona ni mzaha. Wiki iliyopita alikuja mmoja wa zamani, mwanamume mkubwa mwenye mvi, aliyetoka nje mara nyingi kuliko mtu yeyote tunayemjua, na ambaye picha yake iko ukutani kwetu. Alisita. Kisha akaweka mikono juu ya meza, polepole, na kubandua plasta za rangi ya ngozi, moja baada ya nyingine. Chini yake hapakuwa na ukucha hata mmoja.

"Tangu lini?" Lorna aliuliza.

"Kabla hujaajiriwa," mzee alisema.