Redio Alipotakiwa Kunyamaza

Mtaa mzima ulimwita kinyozi huyo Redio, na hakusingiziwa. Ukikaa kwenye kiti chake ulipewa habari za mpira, bei ya saruji na ugomvi wa wapangaji, na kabla hujapakwa spiriti kisogoni ulikuwa umeshajua kama kesho kuna mvua. Watu walimpenda. Wengine walikwenda kwake hata nywele hawana.

Sasa mtu wa namna hiyo, Mungu akamjalia binti ambaye mpaka anatimiza miaka mitatu na nusu alikuwa na maneno sita tu, na mawili kati ya hayo aliyaelewa mama yake peke yake. Wateja hawakukosa la kusema. "Redio, maneno yote umeyamaliza wewe, mtoto umemwachia nini?" Alicheka nao, kisha akaenda nyuma ya pazia kukung'uta taulo lisilo na unywele hata mmoja. Utani ule ulimkata maini.

Mkewe ndiye aliyesema basi, twende hospitali, kwa dada anayewasaidia watoto wenye shida ya kusema. Dada yule alipima masikio ya mtoto, akayakuta mazima. Akaweka mezani kikombe na mpira, akamuuliza mtoto anataka nini. Binti hajafungua mdomo, Redio keshajibu: "Anataka mpira." Dada akauliza tena, Redio akajibu tena. Mara ya tatu dada akaweka kalamu chini.

"Baba, samahani. Niliyeletewa ni yupi?"

Mkewe akageukia dirishani ili asionekane akicheka. Lakini dada hakuwa na nia ya kumwaibisha mtu. Alimwambia Redio kwamba si yeye aliyemchelewesha mtoto, wapo wanaochelewa tu na hakuna wa kulaumiwa. "Ila kila ukimjibia, unamnyima zoezi. Muulize, halafu mngoje. Ngoja mpaka uone tabu."

Redio aliiona hiyo tabu kwelikweli. Maneno yalikuja, lakini yalikuja kwa kuchagua, moja leo, jingine wiki ijayo. Darasa la kwanza binti alihangaika na herufi. La pili akawekwa dawati la nyuma pamoja na walioitwa wazito. La tatu akaanza kusoma mwenyewe, na akishika kitabu humpokonyi. Mwisho wa darasa la nne, hesabu zilikuwa juu, sayansi juu, lakini chini kabisa ya ripoti mwalimu wa darasa aliandika kwa wino mwekundu: Mzito kujieleza. Arudie darasa.

Kesho yake Redio alifunga kibanda saa nne asubuhi akaenda shuleni, na huyu ni mtu ambaye hata siku ya harusi yake alinyoa vichwa viwili kwanza.

Mwalimu mkuu alikuwa mama wa makamo asiyependa hadithi ndefu. Alimsikiliza Redio kidogo, akamkatisha. "Nitampima mwenyewe, sasa hivi. Atasoma habari asiyoijua, kisha anieleze. Akiweza, anaingia la tano. Wewe kaa pale. Ukimsaidia hata neno moja, nafuta jaribio na mtoto anarudia."

"Hata neno moja, Mwalimu?"

"Hata ukikohoa nitakutazama."

Binti aliitwa. Habari ilikuwa ya mafundi waliojenga daraja, likachukuliwa na maji, wakajenga jingine. Alisoma polepole, akajikwaa mara mbili, akarudi nyuma mwenyewe, akamaliza. Mwalimu mkuu akauliza kwa nini daraja la pili lilisimama.

Binti alitazama meza. Mwalimu wa darasa, aliyesimama mlangoni, alishusha pumzi ya mtu aliyeshasema toka mwanzo. Jibu lilimjaa Redio mdomoni, na miaka ya shule ya mwanawe aliiona yote pale mezani. Mdomo ukaanza kumfunguka wenyewe, akawa ameshavuta pumzi.

"Baba, bado nafikiri," alisema binti bila kugeuka.

Redio akafunga mdomo.

"Nguzo za kwanza waliziweka kwenye mchanga," binti akasema hatimaye. "Za pili walichimba mpaka kwenye mwamba. Lakini mimi naona hata la kwanza lisingeanguka. Kwenye habari kuna mpimaji wa ardhi, alitaka kuwaambia kuhusu mchanga. Walikuwa wanasema wote pamoja, hakuna aliyemngoja amalize."

Mwalimu wa darasa akaja mezani, akachukua karatasi ya habari, akatafuta kwa kidole. Alipofika aya ya pili kidole kikasimama. "Ni kweli," alisema. "Mimi sikuliona hilo."

"Darasa la tano," alisema mwalimu mkuu, akachukua kalamu.

Redio alitoka pale kifua mbele, na machozi hakuyaficha. Alijivunia mtoto yule kuliko alivyowahi kujivunia kitu chochote, na njia nzima alimshika mkono.

Jioni kibanda kilijaa. Binti alikuwa kwenye kona na kitabu chake. Mteja aliyekuwa kitini akauliza, "Redio, tupe habari. Shuleni kumekuwaje?" Wote wakajiweka sawa kusikiliza, maana waliijua chumvi ya Redio.

Redio akazima mashine, kichwa cha watu kikiwa nusu. "Aliyekuwa anapimwa yule pale. Muulizeni mwenyewe."

Binti akafunga kitabu. Akafikiri. Mteja akataka kumsaidia neno, Redio akamgusa bega.

"Naenda la tano," alisema binti, kisha akaanza kusimulia tangu mwanzo, taratibu, na Redio akaenda kukaa kwenye benchi la wateja, akamsikiliza mpaka mwisho.