Mdomo wa Mlangoni

Damaris alichagua benki ya Migori mjini kwa sababu kule kwao Kehancha kila mtu anajua mambo ya mwenzake. Alifungua akaunti bila mumewe Mniko kujua, akawa anaweka kidogo kidogo faida ya ndizi na wimbi. Alitaka kitu kimoja tu: Desemba ikifika, bintiye Nyasuguta asiwepo nyumbani. Msimu wa tohara ulikuwa umetangazwa, na Mniko alikuwa amekubali msichana akeketwe pamoja na wenzake. Damaris alikipitia kisu hicho mwenyewe, na dada yake hakutoka hai. Alibishana na mumewe mpaka akachoka. Ndipo rafiki yake Marcella, mfanyabiashara wa Rangwe, alipomtafutia mtoto shule ya bweni upande wa Homa Bay, akakubali pia kukaa naye mpaka shule zifunguliwe.

Asubuhi ya safari mama na binti waliaga kwamba wanaenda sokoni. Walipofika mjini, Damaris alimwacha Nyasuguta kwa Eucabeth, fundi wa nguo aliye mkabala na benki, akavuka barabara.

Mlangoni alisimama James, tai shingoni. Aliajiriwa kuwapokea wateja, na kazi hiyo aliipenda kupita kiasi. Alikuwa akishika mkono wa mtu kwa mikono yake miwili, akiulizia ng'ombe na wagonjwa, na lolote aliloambiwa halikumtoka kichwani. Siku ya kufungua akaunti alikuwa amemuuliza Damaris anaweka akiba ya nini. Damaris hakuzoea kuulizwa mambo yake kwa upole namna ile, akamwambia.

"Mama Nyasuguta!" James aliita sasa, hata kabla askari hajamaliza kumkagua. "Karibu sana. Leo ndiyo siku, ama? Unatoa ile ya kumpeleka msichana shule Homa Bay?"

Damaris alimkonyeza anyamaze. James akadhani hajasikia, akarudia kwa sauti zaidi huku akimshika kiwiko na kumwongoza hadi kwenye benchi. Watu waligeuka. Mmoja wao alikuwa Gisiri, kaka mkubwa wa Mniko, aliyekuja kwa shughuli zake za tumbaku.

Gisiri hakuwa mtu wa makelele. Alihama alipokuwa, akaketi kando ya Damaris, akamjulia hali, akauliza kama mvua imenyesha upande wao. Kisha akasema, "Shemeji, mtoto anaenda Homa Bay kufanya nini?"

Damaris alijibu kwamba yule mtu amemchanganya na mteja mwingine. Gisiri akampigia Mniko, na Mniko akamwambia kuwa mkewe ametoka na msichana asubuhi, na kwamba yeye mwenyewe anapanda pikipiki sasa hivi. Gisiri akaichukua simu iliyokuwa mapajani mwa Damaris, akaizima, akaitia mfukoni mwake.

"Tutatoka pamoja," alisema. "Utanionyesha alipo. Sitaki aibu mbele ya watu."

Kupitia kioo cha mlango Damaris aliuona mgongo wa mwanawe pale kwa fundi, ameinama kitini akichambua vitambaa. Akitoka, atakuwa amempeleka Gisiri moja kwa moja. Akilia, Gisiri atasema ni mambo ya nyumba, na watu watarudi kwenye foleni yao. Akikaa, Mniko atafika.

Nambari yake ikaitwa. Alienda dirishani peke yake, kwa kuwa wengine walitakiwa kubaki nyuma ya mstari. Liz, mhudumu wa dirisha, alikuwa anaandaa noti wakati James alipokuja tena, uso umejaa tabasamu, kuuliza kama mama anahudumiwa vizuri. Damaris alimshika mkono wa shati.

"Yule mtu nyuma yangu ni shemeji yangu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Wanataka mtoto wangu akeketwe. Umemwambia wewe."

Tabasamu la James lilibaki usoni kwa muda, kama halikujua pa kwenda. Alianza kuomba radhi, Damaris akamkata.

"Mtoto yuko kwa fundi, hapo ng'ambo. Mpeleke Rangwe kwa Marcella, anauza nguo karibu na kanisa la Katoliki. Mwonyeshe kitambaa hiki changu, atakufuata. Usiseme na mtu."

Alimpa kitambaa na pesa zote alizokabidhiwa na Liz. Hakuwa na mtu mwingine. Mdomo uliomuuza ndio aliokuwa akiukabidhi mwanawe. Liz alisikia yote. Akamfungulia James mlango wa wafanyakazi wa upande wa nyuma.

Damaris alibaki dirishani akiuliza hili na lile, na Liz akamjibu polepole. Alipotoka hatimaye, kiti cha pale kwa fundi kilikuwa kitupu. Akampeleka Gisiri sokoni, akamzungusha kwa wauza ndizi, mpaka Mniko akawakuta.

Mniko hakumpiga. Alimuuliza msichana yuko wapi, akamuuliza tena nyumbani mbele ya wazee, na kila mara Damaris alisema hajui. Ilikuwa kweli. Hakujua kama James alimfikisha mtoto, ama alikula pesa, ama alimsimulia mtu njiani kwa ule ukarimu wake. Usiku alilala macho wazi akisikia ngoma za msimu ng'ambo ya bonde. Mwishowe Mniko alimwambia arudi kwao, kwa kaka yake Mochama, na asirudi bila mtoto.

Kwa Mochama aliazima simu, kwani yake Gisiri hakuirudisha. Marcella alipokea, akasema msichana yupo, ila hali chakula vizuri. Mwanamume mwenye tai alimleta mpaka mlangoni, na njia nzima hakufungua kinywa, hata mtoto akadhani ni bubu.

Kisha Nyasuguta akachukua simu. "Mama, utakuja Krismasi, ama nije?"

Damaris alisema atajaribu. Alipokata, Mochama alimuuliza anadhani atakaa kwake mpaka lini. Damaris alimrudishia simu, akashika ndoo kwenda kuchota maji.