Vidonda Visivyotunga Usaha

Mtafiti yule alikuwa na ulimi mkali, na siku moja ulimkata mdogo wake wa kike mbele ya wakwe wa huyo mdogo. "Mtoto wako haishi vidonda kwa sababu huna usafi," alimwambia. Wakwe wakaafiki. Mtoto akahamishiwa kwa mtafiti, mama yake mkubwa, msomi wa ukoo.

Huko nako vidonda havikukoma. Alichemsha shuka, akapiga deki kwa dawa, wapi. Mdogo wake akipiga simu, alimjibu, "Anaendelea vizuri," huku nafsi ikimsuta.

Kazini alifuga panya ambao jeni yao moja ilikuwa imeharibiwa makusudi, ili ijulikane protini inayotokana nayo ina kazi gani kwenye chembe nyeupe za damu, zile zinazoulinda mwili. Asubuhi moja alifungua kizimba cha panya wa tumbo moja, baadhi wamerithi jeni mbovu na wengine nzima, wote waliolalia matandiko yaleyale na kunywa maji yaleyale. Wenye jeni nzima walikuwa wazima. Wenye jeni mbovu walikuwa na vidonda vikavu, bila tone la usaha.

Akatazama kwa hadubini. Damu yao ilifurika chembe nyeupe, lakini kidondani hamkuwa na hata moja. Kumbe protini ile ndiyo inayozishikiza kwenye ukuta wa mshipa, zipate kupenya na kutoka. Bila yake, zinapitiliza tu, na bila chembe hizo kidondani usaha hautungi.

Wenzake wakampongeza. Yeye akili ilikuwa kwa mtoto. Vidonda vyake navyo havikuwahi kutunga usaha. Alivisafisha kila siku, asijiulize.

Vipimo vya hospitali vilipothibitisha kwamba mtoto naye ana kasoro ileile, alimrudisha mtoto kwa mama yake, akamkuta anasugua sakafu, viganja vimepasuka kwa sabuni.

"Hukuwa na kosa," mtafiti alisema. "Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Hata kwangu aliugua. Nilikudanganya."

Mdogo wake alimvuta mtoto kifuani. "Anatibika?"

"Kwa kupandikizwa uboho wa mtu mwingine, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Tutapimwa sote."

"Sawa. Ila kwa wakwe zangu utakwenda wewe, dada."

Alikwenda. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho, akauliza taratibu, "Kwa hiyo tulimnyang'anya mwanawe bure?"

"Bure, mama. Mimi ndiye niliyeanza."

Uboho wa baba wa mtoto ndio uliofaa, na mtoto akapona. Mdogo wake bado humwamkia dada yake wakikutana. Simu hapigi tena.