Chupa Chini ya Leso

Wanjuhi alipomwona Chepkosgei wa kanisani akipanda mteremko katikati ya majani chai, binti yake nyuma, alikaza leso tumboni na kuomba wasikae sana. Ndani ya leso kulikuwa na chupa ya plastiki yenye maji moto. Chupa ilikuwa siri, maana tangu Machi Wanjuhi alikuwa mtu aliyepona.

Ilitokea hivi. Akina mama wa kanisa pale Roret walifunga siku tatu kwa ajili yake. Jumapili wakamsimamisha mbele. Wiki ile maumivu yalikuwa yametulia, kama ilivyo tabia yake, na nyuso zote zilikuwa zinamngoja yeye. Akasema, "Nimepona." Vigelegele vikapigwa, mumewe Muriuki akalia machozi. Siku ya tisa maumivu yakarudi. Sasa atamwambia nani? Vidonge akavificha kwenye mkebe wa unga, pamoja na karatasi ya daktari iliyoandikwa endometriosis, ugonjwa wa tumbo la uzazi. Miaka kumi na moja aliambiwa ni uvivu, ni mawazo, akizaa yataisha, na hakuzaa. Siku nyingine hata yeye mwenyewe aliamini anajitungia.

"Chamgei, Sista," alisalimu Chepkosgei. Kanisani walimwita Sista kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kumwitia Mama Fulani. "Nimekuletea Nelvine. Huyu kila mwezi ni kutapika na kulala chini kama ng'ombe mgonjwa. Alhamisi anatakiwa hospitali Kericho. Mimi nasema, ya nini? Mwambie vile wewe ulipona."

"Mum, si nilikwambia hii si drama, naumwa kweli?"

"Nyamaza wewe. Sista, mwambie."

Wanjuhi alimtazama msichana. Alisimama amepinda upande, mkono mfukoni ukibonyeza kinena. Kusimama huko Wanjuhi alikujua. Akinyamaza tu, Alhamisi itapita bila hospitali.

Akafungua leso, akatoa chupa, akavuta blauzi juu. Ngozi ya tumbo ilikuwa na alama za kuungua, za kahawia, zimesukana kama wavu.

"Sikupona," alisema. "Hata wiki mbili hazikuisha. Mpeleke."

Chepkosgei hakuangalia tumbo. Aliangalia uso. "Tulifunga siku tatu, Wanjuhi. Mimi na hii sukari yangu. Kumbe unatuchezea mbele ya Mungu?" Lile jina la Sista lilikuwa limekwisha.

"Nilitaka iwe kweli."

"Na Muriuki anajua?"

Wanjuhi akashusha blauzi. Chepkosgei akageuka, akashika njia ya kituo cha kupimia majani, ambako Muriuki alikuwa amepeleka mzigo wa asubuhi.

Nelvine alibaki nyuma kidogo. "Auntie, hiyo chupa inasaidia?"

"Kidogo tu. Usiiweke bila nguo katikati."

Akampa. Msichana akaisukuma chini ya sweta, akamfuata mamake mbio mbio, bado amepinda.

Kama Alhamisi watakwenda, Wanjuhi hakujua. Alikaa chini kwenye udongo wenye umande, akamngoja mumewe. Maumivu yalipokuja hakuuma ncha ya leso kuzuia sauti, kama siku zote. Aliguna kwa sauti, na wachumaji wa shamba la jirani wakainua vichwa.