Kuku wa Harusi ya Wifi

Wateja walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa kazi yake ya cherehani, na jina likamkaa hadi mumewe naye akasahau kumwita vinginevyo. Ujauzito ulipoingia mwezi wa saba, wanawake wa vibanda vya jirani wakaanza kumtania kwamba sindano imemeza jora zima la kitambaa. Alicheka nao, ila kicheko kiliishia midomoni. Mimba mbili zilikuwa zimeshamtoka. Ya kwanza ilitoka hata hajaizoea. Ya pili ilifika mahali mtoto ameanza kucheza tumboni, halafu siku moja akatulia.

Kwa hiyo hii ya tatu aliibeba kama mtu aliyebeba beseni la maji ya moto kichwani. Hakuinua ndoo, hakupanda ngazi, na kliniki hakukosa hata mara moja. Muuguzi wa pale, mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza asiyejua kubembeleza, aliposikia kuna harusi ya wifi inakuja, alimshika mkono.

"Nyie wajawazito mnanitia wasiwasi kwenye sherehe kuliko siku nyingine zote," alisema. "Nyumbani unajua ulichopika. Kwenye sherehe chakula hupikwa kingi, hupikwa mapema, halafu hukaa. Wewe kula kinachotoka motoni, kinachofuka moshi. Nyama yenye wekundu ndani, achana nayo. Maziwa yasiyochemshwa, usiguse. Saladi iliyokaa juani tangu asubuhi, iache hapohapo. Na kama kitu kimelala, kichemshwe upya mpaka kitokote, siyo kupashwapashwa tu."

"Na wakinikasirikia?"

"Wakasirike. Hasira hupoa."

Sindano alirudi nyumbani akamweleza mumewe. Mumewe alikuwa mchomeleaji wa vyuma, watu walimwita Cheche, mtu mpole mbele ya kila mtu na hasa mbele ya mama yake. Alisikiliza huku akitikisa kichwa kukubali. "Usijali," alisema. "Nitakuwa karibu yako."

Bibi harusi alikuwa dada mdogo wa Cheche, na gauni lake alikuwa akilishona Sindano mwenyewe. Siku moja kabla ya harusi alikwenda kwa mama mkwe kumalizia pindo. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake, moshi, vitunguu na vicheko. Jiko la gesi lilikuwa moja na mafiga uani hayakutosha, hivyo kuku walikuwa wamechemshwa mapema ili kesho nafasi ya moto ibaki kwa wali. Sindano alipokwenda stoo kutafuta pasi aliwaona: masufuria makubwa yamepangwa ukutani, yamefunikwa, yana uvuguvugu kama mgongo wa mtoto mwenye homa. Stoo yenyewe haikuwa na dirisha.

"Mama," alimwita mama mkwe kwa sauti ya chini, "hawa kuku watalala humu?"

"Walale wapi tena, mwanangu, kitandani kwangu?"

Wanawake wakaangua kicheko. Sindano naye akacheka, kisha akarudi kwenye pindo lake. Lakini mara mbili alijichoma kidole.

Mama mkwe huyu hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Mimba ya pili ilipotoka, yeye ndiye aliyehamia kwao, akamwogesha Sindano kama mtoto, akafua mashuka bila kumwachia mtu mwingine ayaone. Hakuwahi kumuuliza lini atazaa. Kumkatalia mtu kama huyo chakula alichopika mwenyewe, siku anayomwoza binti yake, si jambo dogo.

Siku ya harusi turubai lilitandwa barabarani mbele ya nyumba, viti vikapangwa, muziki ukafunguliwa hadi vioo vikatetemeka. Gauni lilimkaa bibi harusi vizuri mno. Sindano alipongezwa na watu asiowajua, na kwa muda kidogo akasahau hofu yake. Kisha chakula kikaletwa.

Wali ulikuwa wa moto, akaupokea. Saladi akaipitisha kwa jirani yake. Kuku akamgusa kwa ncha ya kidole. Juu alikuwa amemwagiwa mchuzi wa moto, lakini alipompasua, ndani alikuwa baridi, na karibu na mfupa palikuwa na wekundu. Akamsogeza pembeni ya sahani.

Hakutaka makuu. Binti mmoja wa kugawa chakula alipopita, alimnong'oneza, "Mdogo wangu, nisaidie, nirudishie kipande hiki motoni kitokote kidogo. Hali yangu unaiona."

Binti hakuwa na shida. Shida alikuwa shangazi yake Cheche, aliyeketi kiti cha pili na ambaye masikio yake hayakuwahi kupitwa na kitu.

"Kirudishwe motoni?" alisema, na sauti yake ikapenya muziki. "Kuku wa wifi yangu hajaiva? Au kuna kitu unaogopa tumekutilia?"

"Hapana, shangazi, ni kliniki tu wamesema..."

"Kliniki! Sisi tumezaa bila kliniki. Jamani, mkwe wetu anatuona wachawi."

Meza ile ikanyamaza, na ya pili nayo. Mama mkwe, aliyekuwa akizunguka kuwakaribisha wageni, akasogea akiwa na tabasamu ambalo lilikuwa linaanza kupauka. Aliangalia kipande kile pembeni ya sahani, akamwangalia Sindano, akakiinua, akachambua mnofu kwa vidole vyake.

"Mwanangu," alisema polepole, "mimi nikudhuru wewe?"

Sindano alimtafuta mumewe kwa macho. Cheche alikuwa ameketi palepale ubavuni mwake, kama alivyoahidi. Alikuwa amekunja leso ya karatasi mpaka imekuwa kama uzi. "Kula hata kidogo tu, mke wangu," alisema bila kuinua uso. "Watu wanatazama."

Akafungua mdomo. Mama mkwe akamlisha, tena na tena, watu wakapiga vigelegele, shangazi akapiga makofi. Mnofu ulikuwa laini na ulikuwa na chumvi ya kutosha. Sindano aliumeza kama mtu anayemeza hukumu yake.

Kesho yake asubuhi, wageni waliolala kwa mama mkwe, Sindano na Cheche wakiwemo, walianza kupishana mlango wa choo. Kwanza ilikuwa mzaha. Kaka mmoja alisema harusi bila foleni si harusi. Lakini jua lilipopanda mzaha ulikwisha. Sindano alikuwa amelala kwenye godoro sakafuni katika chumba cha wifi, akitetemeka chini ya mashuka mawili huku mwili unawaka. Kila alichokunywa kilirudi. Tumbo lilimsokota, likamwachia, likamsokota tena.

"Ni uchovu wa sherehe," alisema shangazi kutoka mlangoni, naye mwenyewe kashika tumbo. "Mpeni maji ya tangawizi."

Sindano hakumsikiliza. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya tumbo anamsikiliza mtoto. Kila asubuhi mtoto huyu alimpiga mateke ya mbavuni, mpaka akamwita mchezaji. Leo kimya. Akajigeuza ubavu wa kushoto, akangoja. Akajigeuza kulia. Akaligonga tumbo kwa vidole, taratibu, kama anayebisha hodi kwenye nyumba ya watu wazima wenye hasira.

"Baba, amka," alimwambia mtoto. "Mama, basi. Hata kama ni msichana, amka. Nipige. Nipige teke moja tu, nitajua."

Kimya.

Alipiga ukelele ambao Cheche, aliyekuwa uani akiosha masufuria, hakuwahi kuusikia tangu amwoe. Alikuja mbio na mikono ina povu.

"Hachezi!" Sindano alimshika shati. "Cheche, hachezi! Kama yule! Nipeleke, nakuomba, nipeleke!"

Gari pekee lililokuwa karibu ni lile la watu wa turubai, waliokuja kuchukua vitu vyao. Dereva alikuwa ameshapakia nusu. Cheche hakuomba, alifungua mlango wa nyuma akaanza kutupa viti chini, na dereva alipoona mjamzito anabebwa mikononi mwa mama mkwe na mgeni mmoja, naye akaanza kuvitupa. Wakamlaza juu ya turubai lililokunjwa, lingali na harufu ya mchuzi wa jana, maua ya plastiki yakimwangukia usoni kila gari lilipopiga tuta. Mama mkwe aliketi naye huko nyuma, kamshika kichwa. Maumivu sasa yalikuwa yanakuja kwa mpangilio, na Sindano aliujua mpangilio huo.

Hospitalini walimwekea dripu ya maji mkono mmoja na sindano za vipimo mkono mwingine. Daktari, dada mwembamba mwenye macho yaliyochoka, alipaka kitu cha baridi tumboni akaweka mashine. Ikasikika sauti ya mkwaruzo, kisha mbali, mbali sana, mapigo.

"Yupo," daktari alisema. "Lakini moyo unakwenda mbio kupita kiasi, na wewe una homa kali na umekaukiwa maji. Uchungu umeanza kabla ya wakati. Nieleze, jana ulikula nini?"

Sindano aliwatazama waliosimama. Shangazi, ambaye alikuwa amefuata kwa pikipiki, alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Mama mkwe alikuwa ukutani. Cheche alikuwa mlangoni.

"Alikula vizuri tu," shangazi alisema. "Chakula cha harusi, kama wote."

"Simwulizi wewe, mama. Dada, nikijua ulichokula nitajua nianze na dawa gani. Sina muda wa kubahatisha."

Sindano alifumba macho. Hata hapo, roho ikiwa mkononi, hakuweza kulitoa neno lile mbele ya mwanamke aliyefua mashuka yake. Machozi yakamtiririka kuingia masikioni.

"Kuku," alisema mama mkwe.

Kila mtu akageuka.

"Tuliwachemsha juzi jioni, wakalala stoo, wamefunikwa. Jana tuliwamwagia mchuzi tu. Huyu mwanangu alikataa. Aliomba wachemshwe, tukamcheka." Akauinua mkono wa kulia. "Nilimlisha mimi. Kwa mkono wangu huu. Na nyumbani wapo wengi wanaharisha, daktari, tangu asubuhi."

"Wifi, unajiaibisha," shangazi alinong'ona.

"Toka," mama mkwe alimwambia. "Toka nje kabla sijakutoa."

Daktari alishaanza kuagiza dawa. Akatuma mtu apige simu nyumbani, waliobaki wasiguse chakula kile na waletwe wenye hali mbaya. Walijaribu kuuzuia uchungu. Walimchoma sindano ya kuyasaidia mapafu ya mtoto, endapo angezaliwa kabla ya wakati. Uchungu ulitulia kwa muda, kisha ukarudi kwa nguvu kama unaodai kilicho chake, na mchana wa siku iliyofuata hakukuwa tena na cha kuzuia.

Alizaliwa msichana, mdogo kiasi cha kulala katika viganja viwili vya mkunga, ngozi nyembamba kama karatasi ya kukatia vipimo vya nguo. Hakulia. Walimpeleka kwenye meza ya pembeni, wakainama juu yake, na Sindano aliona migongo yao tu. Alitazama migongo ile akijaribu kusoma. Hakuna aliyegeuka. "Semeni kitu," alisema. "Hata kama ni kibaya, semeni." Kisha kikasikika kitu kama mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta.

"Anapumua," mkunga alisema. "Usifurahi bado. Lakini anapumua."

Na kweli hakufurahi, kwa muda mrefu. Mtoto alikaa kwenye sanduku la joto, mpira wa hewa puani, naye alikuwa ameambukizwa vijidudu vilevile vya kuku. Kulikuwa na siku alizogeuka wa bluu kwa kukosa hewa. Kulikuwa na asubuhi moja ambapo muuguzi alimwomba Sindano atoke nje, na aliketi kwenye korido akiwa na hakika kwamba akiitwa tena itakuwa ya kupewa shuka lililofungwa. Cheche alikaa karibu yake siku hiyo.

"Nisamehe," alisema.

"Sijui kama nitaweza," Sindano alijibu. Hakusema kwa hasira. "Ulikuwa ubavuni kwangu, Cheche. Mimi sikutaka upigane na mtu. Nilitaka useme neno moja."

Cheche akalia, na Sindano hakumfuta machozi. Yeye mwenyewe alikuwa hajiwezi. Hata uji aliopika mwenyewe aliunusa mara tatu kabla ya kuugusa.

Mtoto hakufa siku hiyo, wala iliyofuata. Taratibu mpira ukatolewa puani, akaanza kunyonya matone. Ndipo muuguzi wa wodi akasema sasa abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana kutwa, maana hakuna joto linalomfaa mtoto njiti kuliko la mwili wa mtu. Sindano alimbeba hadi mgongo ukafa ganzi. Cheche alipokezana naye jioni akitoka kazini. Bado hawakutosha.

Mama mkwe alikuwa akija kila siku, akiacha nguo safi mlangoni na kuondoka. Tangu siku ile hakuwahi kuingia wodini, wala kuomba kumwona mjukuu. Mchana mmoja Sindano alimwona kupitia kioo, ameinama kuweka mfuko, mabega yamemshuka kama mtu aliyezeeka ghafla. Akamwomba muuguzi amwite.

Aliingia kwa hatua fupi, akasimama mbali.

"Mama," Sindano alisema, "nimechoka. Kanawe mikono mpaka kwenye viwiko, ukae hapa, ufungue blauzi."

"Mimi?" Mama mkwe aliitazama mikono yake. "Mwanangu, mimi tena?"

"Anahitaji joto, mama. Mimi nahitaji kulala."

Alikwenda kwenye sinki. Alinawa kwa muda mrefu sana, sabuni, maji, sabuni tena, mpaka muuguzi akamwambia inatosha. Kisha akaketi, na Sindano akamlaza mtoto kifuani kwake, akawafunika wote wawili kwa kanga, akajinyoosha kitandani akiwaangalia. Hakuwa amerudi kumwamini kikamilifu. Lakini usingizi ulimzidi nguvu, akalala.